Kiti cha Kukopesha Sura

Wadogo zangu wa darasa la saba,

Mwalimu wenu alinikuta sokoni nachagua nyanya, akaniomba nije shuleni niwaeleze kazi niliyokuwa nikiifanya. Nilikubali kwa kichwa tu. Nilipofika nyumbani nikajuta. Kusimama mbele za watu siwezi, na si jambo la leo. Niliposoma hapo hapo mnaposoma, hata nikiulizwa jibu ninalolijua nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu mpaka mwalimu anachoka na kumwuliza mwingine. Kwa hiyo nimeandika. Shule yangu iliishia hilo darasa mlilomo, naandika polepole, na neno likinishinda nalizunguka. Mwalimu atawasomea. Mkicheka sitawasikia, na nafikiri hivyo ni vizuri kwetu sote.

Nimempa pia mfuko. Ndani mna chupa ya soda, pampu ya baiskeli na kalamu za rangi. Msiuguse kwanza.

Vijana wa mtaani kwetu wananiita mstaafu. "Shikamoo mstaafu, pensheni imetoka?" Wanacheka kwa sababu sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini kazi yangu imezeeka kabla yangu, nami nimeiacha, kwa hiyo siwabishii.

Nilikuwa nachora sura za marehemu. Mmeona msibani, mmoja anatangulia na msalaba, mwingine anafuata ameshika picha. Siku hizi picha inatoka kwenye simu. Zamani kidogo, na wala si zamani sana, mtu aliweza kuishi huko Rungwa akavuna asali maisha yake yote na asipigwe picha hata moja. Akifa, watoto wake wanapanda gari mpaka Manyoni, wanaulizia banda la Yoeli. Wanaingia, wanasalimia, halafu wanasema maneno yale yale: "Tumekuja kwa ajili ya mzee. Picha hana."

Yoeli ni mjomba wangu, kaka wa mama. Ndiye aliyenilea. Alikuwa mwandishi wa mabango ya maduka, na siku moja alimwona fundi akipuliza rangi kwenye gari kwa mashine ya umeme. Alirudi nyumbani hakula. Alitaka upepo ule uchore uso, kwa sababu brashi inaacha mistari na uso wa mtu hauna mistari. Umeme hatukuwa nao. Alihangaika na rangi za kopo, zikaziba kila kitu. Kisha, akiwa amekata tamaa, alipuliza kwa mdomo ncha ya makapeni, ile kalamu nene ya rangi, iliyoloa, wino ukamrukia usoni. Jumapili alikwenda kanisani na madoa ya bluu kwenye pua, na mchungaji akamwuliza kama amegombana na mkewe.

Hiyo ndiyo siri yote iliyomo kwenye mfuko wenu. Kifuniko cha chupa kina matundu mawili. Moja lina valvu ya tiubu ya baiskeli, ndimo unamojazia upepo kwa pampu. La pili lina mpira mwembamba, na mwisho wa mpira kuna ncha ya kalamu ya kuandikia iliyotolewa kigololi chake. Upepo unatokea hapo. Mbele ya tundu hilo shikeni ncha ya makapeni, ikae mbali kiasi cha unene wa ukucha. Upepo ukipita juu yake unaunyakua wino na kuutawanya kama ukungu. Mpira mnaubana kwa kidole. Mkilegeza kidole, mnachora. Mkibana, mmenyamaza.

Jaribuni kwenye gazeti kabla ya karatasi ya manila. Fungeni dirisha, maana upepo wetu wa Manyoni haumheshimu mchoraji. Na tumieni masikio. Mjomba alikuwa anageuka kuangalia pembeni kabisa huku mimi napuliza, ananisahihisha kwa kusikia. Upepo ukilia *fyuu*, sawa. Ukilia *prrr*, ncha iko karibu mno, na kinachokuja sasa ni matone.

Mipaka ya uso tulikuwa tunaikinga kwa filamu za eksirei zilizotupwa, tunazikata kwa wembe. Ni ngumu na hazinywi wino. Marehemu wengi wa wilaya hii wamechorwa wakiwa wamekingwa na mbavu za watu wasiowajua.

Sasa rangi. Hakuna kalamu yenye rangi ya mtu. Unaanza na njano, nyepesi sana, uso mzima. Juu yake chungwa. Kisha kahawia, kidogo kidogo, ukiwa mbali. Nyeusi ni ya mwisho, na ni ya kivuli tu. Mimi mara ya kwanza kuachiwa uso peke yangu nilianza na nyeusi, kwa sababu niliambiwa mzee alikuwa mweusi. Ndugu walipokuja, mtoto mkubwa wa marehemu aliiangalia picha, akaiinamisha, akaiangalia tena.

"Dada," akasema, "baba alikuwa mweusi kweli. Lakini hakuungua."

Nilitaka ardhi inifiche. Mjomba akacheka mpaka akakaa chini, wale wafiwa nao wakacheka, na ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka tangu msiba uanze. Akachora upya mwenyewe, usiku ule hakulala.

Alinifundisha kuanza na paji, nishuke macho, pua, mashavu, kidevu. Mdomo mwisho. "Mdomo ndio unaoharibika haraka," alisema. "Ukiukosea, umemchora mtu mwingine." Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mtauliza, mtu asiye na picha mnamchoraje? Hapo ndipo palipokuwa na kiti.

Kiti kilikuwa cha mbao, cha kawaida, kando ya dirisha. Mjomba aliwaambia wafiwa wakubaliane ni nani kati ya walio hai anayefanana zaidi na marehemu. Huyo anakaa pale, anakopesha sura. Wengine wanasimama nyuma yetu wanasahihisha: pua ilikuwa nene kuliko hiyo, masikio yalikuwa yamesimama, jicho moja lilikuwa dogo. Tunachukua sura ya aliye hai kama shamba lililokwisha limwa, halafu tunapanda maneno ya ndugu. Pale ambapo ndugu hawakumbuki, inabaki sura ya aliyekopesha.

Kulikuwa na waliogoma. Mzee mmoja alikaa, akasimama, akakaa tena. "Sura yangu ikishatangulia makaburini," akauliza, "mwili nao hautaifuata?" Mjomba akamwambia sura itarudi naye jioni hiyo hiyo, ataikuta kwenye kioo. Na kulikuwa na watani. Watani wa msiba mnawajua, hawana adabu na hawatakiwi kuwa nayo. Mmoja aliwasukuma wafiwa, akakikalia kiti, akatoa meno yote nje. "Nichoreni mimi! Marehemu alikuwa mbaya hivi hivi, msihangaike." Mjane alimpiga kwa kanga huku anacheka na kulia pamoja.

Kila ndugu alipoinuka kwenye kiti kile, mimi nilikuwa nakiangalia. Mama yangu alikufa mimi bado nabebwa mgongoni. Picha hana.

Aliitwa Damari. Alikuwa anauza kuku wa kukaanga na mayai stesheni ya Kintinku, treni ikisimama. Mjomba aliniambia alikuwa na sauti ya kuwaamsha abiria walio upande wa pili. Alikuwa anawapigia kelele "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, hata wahindi na wazungu, na wanafungua madirisha kumwangalia ni nani huyu. Bibi aliyemzaa alikuwa amekwisha kufa. Baba yangu simjui. Waliokuwa wanauza naye wametawanyika. Sura ya mama yangu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa cha Mjomba.

Nilimwomba nikiwa darasa la tatu. "Mjomba, nichoree mama."

"Bado."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atakayekopesha sura ni wewe, na wewe sasa hivi una sura ya mtoto. Nikikuchora leo nitapata mtoto. Subiri ufike umri wake."

Nikasubiri. Kila mwaka alinikalisha, akanigeuza kidevu kushoto na kulia, akasema "bado". Tuliwachora watu wa Itigi, wa Kintinku, wa Rungwa. Watu walikuja na vilio na wakaondoka na sura. Mimi nilikuwa nawapampia upepo.

Sheria nyingine ya Mjomba: picha ikififia haipulizwi tena. Wino wa makapeni haustahimili jua, jua linaula. Kila mteja aliambiwa, "Usimtundike akitazama mlango." Hakuna aliyesikia. Watu wanataka mgeni akiingia akutane na marehemu wao kwanza, amsalimie, ndipo akae. Basi picha zinatazama mlango, jua la asubuhi linaingia, na baada ya miaka kadhaa mtu anakwenda. Mama mmoja alirudi na mumewe amebaki kama moshi. "Pitisha tu rangi juu," aliomba. Mjomba akakataa. "Ile ya kwanza ndugu walikuwa nyuma yangu wananisahihisha. Leo nikiongeza nitakuwa naongeza ya kwangu. Lete ndugu, lete wa kukopesha, tuanze upya." Yule aliyekopesha alikuwa amekwisha kufa naye. Mama akaikunja picha, akaondoka.

Macho ya Mjomba yalianza kwa kukosea chungwa na njano. Nilidhani ni utani. Kisha akawa anagonga mlango kwa bega. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, kinachoweza kulindwa ni kilichobaki. Kilichobaki hakikulindika. Siku aliponikabidhi wembe wa kukatia filamu, alinyoosha tu mkono hewani, upande ambao sikuwepo.

Jioni yake akaniita. "Roda. Leta kiti."

"Ulisema nisubiri mpaka nifike umri wake."

"Umri utafika. Mimi sitauona."

Nikatundika kioo ukutani, nikakaa kwenye kiti mwenyewe, manila mbele yangu. Mjomba akakaa nyuma ya kiti. Mkono mmoja ulikuwa na pampu, mwingine aliuweka usoni kwangu. Hivyo ndivyo tulivyomchora mama. Yeye alinishika paji kwa vidole, akasema, "Punguza. Lake lilikuwa dogo, kilemba kilikuwa kinalifunika lote." Nikapunguza. Alinishika mashavu. "Ongeza. Hapa alikuwa amejaa." Nikaongeza. Macho akasema yasogee, pua akasema niiache. Alikuwa anapiga pampu na kusikiliza. "Prrr hiyo, Roda. Rudi nyuma." Nilikuwa naona uso unatokea kwenye karatasi, uso wa mwanamke ambaye si mimi, na moyo wangu ulikuwa unakimbia hata nikaogopa vidole vyake vitausikia.

Vikafika mdomoni. Vikasimama.

Nilisubiri. Pampu ikanyamaza. Vidole vikapita mdomo wangu kutoka kona hadi kona, vikarudi, vikapita tena.

"Mjomba?"

"Nilidhani ninao," akasema. "Miaka yote nilidhani ninao."

Nilishusha kalamu.

"Haukuwa unatulia, mwanangu. Mara anacheka, mara anaita, mara anabishana na abiria juu ya kuku. Sijawahi kuuona umekaa kimya hata siku moja. Ningeushika wapi?"

Aliondoa mkono. "Weka wa kwako," akasema.

Nikauweka. Nilipuliza nikaona si wenyewe, nikapuliza juu yake, nikaona bado, nikapuliza tena, mpaka wino ukawa mzito kwenye karatasi kuliko mahali pengine popote. Ulikuwa mdomo wangu, huu uliofungwa. Mama aliyewaamsha abiria alikaa pale ukutani ananyamaza kama mimi darasani.

Nilitaka kumtundika chumbani, nyuma ya kabati, mbali na mwanga. Mjomba akakataa. "Mtazamishe mlango."

"Jua, Mjomba. Wewe mwenyewe unawaambia watu."

"Damari hakai kwenye kona. Mweke aone watu wanaoingia."

Nikamtundika akitazama mlango. Wageni wakaja, wakamsalimia. Mjomba akiwasikia anatabasamu.

Baada ya hapo nilifanya kazi peke yangu kwa muda. Kisha simu zikafika kila mahali, na duka la steshenari karibu na stendi likaleta mashine ya kuchapa. Kijana wake ni hodari, simsemi vibaya. Anachukua picha ndogo ya kitambulisho anaikuza kabla chai haijapoa. Ila anapenda kung'arisha, na kuna marehemu wanaozikwa na picha nyeupe mpaka wenzao wanaulizana ni msiba wa nani. Watu wakaacha kuja bandani. Kiti nikakirudisha ndani, tukawa tunawekea ndoo ya maji.

Mwaka huu, kiangazi, Mjomba alikuwa amekaa mlangoni anaota jua, akaniuliza anavyouliza siku zote, "Damari yupo?"

Siku zote najibu yupo. Siku ile niligeuka nikaangalia, na jibu halikutoka. Paji lilikuwa limekwenda. Macho yalikuwa vivuli viwili, kama alama za vidole kwenye kioo. Mashavu aliyoniambia niongeze hayakuwepo. Karatasi ilikuwa nyeupe, na katikati yake mdomo, umekolea, umefungwa.

Mjomba anaujua ukimya wangu. "Amekwenda?"

"Mdomo bado."

Akacheka kidogo. "Ndivyo alivyo. Huo utakuwa wa mwisho." Kisha akaacha kucheka. "Leta kiti."

Nikaondoa ndoo, nikakaa. Akanishika uso kama siku ile, paji kwanza. Nikasubiri aseme punguza. Hakusema. Vidole vikashuka mashavuni, nikasubiri aseme ongeza. Akayashika mashavu yangu kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo.

"Hapa sina cha kuongeza," akasema. "Umefika, Roda. Umefika umri wake."

Kalamu ya kahawia ilikuwa bado ina wino. Nilijua. Nikaona tutamchora upya, safari hii bila kupunguza wala kuongeza, na nilikuwa nimekwisha inuka nusu nichukue manila.

"Kaa," akasema. Akaweka vidole vyake mdomoni kwangu. "Sema anavyosema yeye. Waite abiria."

"Mjomba, siwezi."

"Hakuna mtu hapa. Sema."

"Mbukwenyi," nikasema.

"Treni inapiga honi. Hawajakusikia."

"Mbukwenyi!"

"Kuna mtu amelala dirishani, atapitiliza bila kununua. Mwite!"

Nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu, hata nilipong'atwa na nge. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Vidole vya Mjomba vilikuwa juu ya midomo yangu ikifunguka na kufunga, na vilibaki pale muda mrefu baada ya mimi kunyamaza, vinasubiri.

"Huo ni wako," akasema mwishoni, kwa upole. "Wake umekwenda."

Nikabana mpira wa kipulizo kwa kidole, ingawa chupa haikuwa na upepo. Ni mazoea ya mkono. Hatukuchora. Nilikirudisha kiti, nikaweka ndoo juu yake, na jioni nikakusanya vyombo vyote kwenye mfuko huu mlio nao.

Picha bado iko ukutani. Wageni wapya wanauliza ni nini, na Mjomba anawajibu, "Huyo ni mdogo wangu." Wanasalimia mdomo.

Wadogo zangu, sasa fungueni mfuko. Valvu inavuja kidogo, ifungeni kwa kipande cha tiubu. Filamu zioshwe kwa maji ya sabuni. Kalamu ya kahawia isiachwe wazi. Kuna watu majumbani kwenu mnaowaona kila siku, na simu za kuwapiga picha zipo. Pigeni picha. Lakini kama siku moja mtataka kumchora mmoja wao kwa mkono, mkalisheni kwenye kiti angali hai, mwambieni aongee, acheke, agombane na mtu. Mkae mumwangalie kwanza, kwa muda mrefu.

Mjomba alinifundisha kuanza na paji. Nyinyi anzeni na mdomo.